Mkataba Uliomwachisha Kazi Marehemu

Leo nimeadhirika. Tena msibani, tena nikiwa nimeshika maikrofoni.

Mnajua kazi yangu hapa Kigali: nashughulikia mikataba kwenye shantiye, yaani eneo la ujenzi, moja ya nyumba huko Kinyinya. (Mafundi huniita Enjinia. Sijawahi kuwakatalia.) Miezi michache iliyopita nilimshawishi bosi tuhamie kwenye mkataba mjanja, yaani mkataba unaokaa ndani ya kompyuta na kujitekeleza wenyewe. Ukuta ukifika kimo, kikosi kinalipwa siku hiyohiyo. Kikosi kisipoonekana kazini siku tatu mfululizo, mkataba unavunjika. "Huu haujui mjomba wala shangazi!" niliwatambia mafundi. Bosi akaniuliza udhuru upi ukubaliwe. Nikaandika mvua, umeme kukatika, simenti kuchelewa, umuganda, ile kazi ya jamii ya kila mwezi. Nikaona nimemaliza. (Mtaalamu!)

Kapita wetu, msimamizi wa mafundi, alikuwa Silasi. Mtu mpole. Dole gumba lake lilikuwa limelika kwa simenti hata simu haikulitambua, ikabidi mkewe, Mama Diane, amwekee namba ya siri. Siku ya kukubali ule mkataba aliniambia, "Mimi hii mashini siijui. Nakujua wewe." Hakuuliza zaidi.

Jumapili Silasi akafariki. Alikuwa anafunga viatu aende kanisani. Jumatatu mafundi wote walikuwa kwake, wamekaa na wafiwa. Jumanne vilevile. Leo Jumatano tumemzika. Ruhusa niliwapa mimi mwenyewe, kwa mdomo: "Nendeni, kazi ipo." Kwa mdomo! Kana kwamba kompyuta ina masikio.

Kutoka makaburini tukarudi kwake Batsinda kunawa mikono, kama ilivyo desturi hapa. Watu wakakaa chini ya turubai, fanta zikagawiwa, hotuba zikaanza. Upande wa kazini nikasimama mimi. Nililia kidogo, na sikuigiza, maana Silasi nilimpenda. Nikasema, "Mama Diane, mwihangane, poleni sana. Na ninyi mafundi wake, nafasi zenu ziko palepale. Hakuna atakaye..."

Simu ya kwanza ikalia. Ya pili. Halafu safu nzima ya mafundi, wote kumi na wanne, mlio mmoja wa tarumbeta. (Niliuchagua mwenyewe ili usipuuzwe.)

Saa nane kamili, saa ambayo kompyuta huhesabu mahudhurio. Siku ya tatu ilikuwa imetimia.

Fundi Emanweli akasoma kwa sauti: "Mkataba wenu umevunjwa. Sababu: utoro." Akanitazama. "Enjinia, hii mashini yako haijuaka kama watu wanakufa?"

Natamani kisa kingeishia hapo. Lakini Mama Diane alikuwa na simu ya marehemu mapajani, nayo ikapiga tarumbeta. Akaifungua, akasoma polepole.

"Silasi, umeacha kazi bila taarifa."

Jamani! Nilitamani turubai liniangukie.

Nikajitenga pembeni nikampigia bosi. Akasema hata yeye hana uwezo: kurudisha mkataba kunahitaji idhini mbili, yangu na ya kapita, kabla ya jioni. La sivyo, kesho asubuhi kazi inakwenda kwa kikosi kingine.

"Kapita gani, bosi? Si tumetoka kumzika!"

Akauliza: "Nani anajua namba yake?"

Basi nikapiga magoti mbele ya mjane ambaye mikono yake ilikuwa haijakauka maji, nikamwomba amkubalie marehemu kurudi kazini, ili wenzake wasikose kazi. Nilitegemea anizabe kofi. Ningelipokea.

"Hao vijana Silasi alikuwa anawapendaka," akasema. "Nifinye wapi?"

Akaingiza namba bila hata kuangalia. Simu ikauliza: Unakubali kurudi kazini? Kidole chake kikasimama juu ya "Ndiyo". Nikatazama chini. Nilipoinua macho alikuwa amekwisha kubonyeza.

Nami nikaweka idhini yangu, mafundi wakarudishwa wote. Hakuna aliyeshangilia. Halafu ile simu ikalia tena, na Mama Diane, akidhani ni salamu za pole kutoka ofisini, akatusomea:

"Asante, Silasi. Kesho usichelewe."

Akacheka. Nawaapia, alicheka mwenyewe, kwa sauti, kisha kicheko kikageuka kilio mpaka wanawake wakamshika wakamwingiza ndani. Mimi nilibaki na maikrofoni yangu, nimesahau hata kuizima.

Kwa hiyo kesho saa moja kompyuta inamngoja Silasi getini, na anayetakiwa kuiambia kwamba haji ni mimi. Mwenye mkono mwepesi wa kutuma emoji za kucheka, leo naomba auweke mfukoni.