Tembo Aliyepoteza Jicho

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mimi ni mke wa mtu! Naandika tena jina langu jipya ili nilione: Madamu Twizeyimana. Ah, Twize wangu! Leo alipokwenda kazini, mtaa wa Himbi, alirudi mlangoni mara mbili kuniaga. Mwanamke gani amewahi kupendwa hivi?

Taabu ni moja. Mama Mukamurenzi, mama mkwe wangu, anashika desturi. Bibi harusi hagusi sufuria wala ufagio mpaka siku ya kutwikurura, Jumapili, watu wetu watakapokuja kutoka mtaa wetu wa Katindo kunitoa chumbani kwa heshima. Nakaa kitandani kama yai. Wifi yangu Joyeuse ndiye anayepika. Kila akipita dirishani anauliza kwa sauti kama malkia ameshiba.

Jana Twize alinionyesha hazina yake: sarafu za kale ndani ya kopo la maziwa. Za wakati wa Wabelgiji, zenye tundu katikati. Makuta za Zaïre. Na moja ya pande sita, yenye tembo, aliyoachiwa na babu yake. Haziuzi. Anazipenda tu, basi. Aliziweka moja moja kiganjani mwangu akinisimulia. Nililia kwa mapenzi. Lakini, Mungu wangu, uchafu! Nyeusi kama chini ya sufuria. Maskini alikosa mtu wa kumsafishia. Sasa anaye!

Jumanne

Nimeanza na tembo. Nilifunga mlango, nikamwambia Joyeuse nasali. Ndimu, kitambaa, na ule mchanga mweusi wa volkano tunaosugulia sufuria. Nimesugua mpaka vidole vimetoka malengelenge. Joyeuse ameripoti kwa Mama kwamba sala yangu inakwaruza. Wivu! Tembo amepoteza jicho, na pembe moja. Lakini anang'aa!

Jioni. Nimekwisha. Kabla sijasema neno, Twize alianza mwenyewe. Jumapili Muzee Nsanzimana, baba yake mdogo, mpenzi wa sarafu kama yeye, atakuja kumwona tembo. Akasema uzuri wote uko katika ule weusi: ni mikono ya babu, na ya wote walioishika kabla yake. Rafiki yake mmoja aliwahi kuosha sarafu, hawasalimiani tena. Kisha akaomba kopo. Umeme ukakatika! Sijawahi kulipenda giza la Goma namna hii.

Jumatano

Mpango: moshi. Moshi utamrudishia tembo weusi wake. Joyeuse alipokwenda kuchota maji nilinyata jikoni, nikamweka juu ya makaa, pembeni ya sufuria ya maharagwe. Kumbe Joyeuse alisahau kidumu! Akarudi. Nikamtoa tembo kwa kijiko, nikamtupa ndani ya maharagwe. Wifi akapiga kelele mpaka kwa jirani, kwamba mariée, bibi harusi mzima, yuko jikoni. Mama akaja ameshika kichwa. Watu wa Katindo watasema nini? Kwamba mutoto wao amefanywa boyesi, mtumishi wa jikoni, kabla hata hawajamtwikurura?

Chakula cha jioni sitakisahau. Mama aliuma kitu cha chuma. Alikitoa mdomoni, akakifunga haraka ndani ya kitambaa, mtu asikiguse. Joyeuse akasimama. Akatangaza kwamba ni dawa ya mapenzi, kwamba alijua tu, kwamba ndiyo maana kaka yake anarudi mlangoni kama mbuzi aliyefungwa kamba. Macho yote kwangu. Ya Twize pia. Nilipaswa kuchagua: mchawi, au mwosha sarafu?

Nikasema ndiyo, ni dawa.

Alhamisi

Mchungaji amekuja. Mafuta kichwani, maombi marefu, majirani wamejaa dirishani. Nimekemewa mimi, na maharagwe pia. Twize ameniambia kwa upole kwamba dawa haikuwa na kazi, alikuwa ananipenda bure. Alikuwa! Nimelala nimeng'ata mto.

Jumapili, tarehe 9

Watu wetu wamefika na vikapu. Papa amevaa koti lake la sikukuu. Wimbo wa kwanza haujaisha, Mama akasimama, akafungua kitambaa mbele ya wote, ili ukoo wangu uone nilichowaletea. Muzee Nsanzimana akavaa miwani. Akageuza. Akanusa. Akasema hapo hakuna uchawi wowote, Mama atulie. Ni sarafu ya marehemu baba yake yeye Muzee, babu wa Twize, iliyosuguliwa kwa mchanga na kupikwa na maharagwe.

Watu walicheka mpaka Papa akamwaga soda. Joyeuse alijifuta machozi. Twize hakucheka. Alimchukua tembo, akapitisha kidole gumba pale jicho lilipokuwa. Alisema tu kwamba alipokuwa mutoto alikuwa akilitafuta jicho hilo gizani kwa kidole, akilipata anajua babu yuko karibu. Akatoka nje. Nimetwikuruliwa kiti cha mume kikiwa kitupu. Niliomba ardhi ipasuke. Hapa kwetu inajua sana kupasuka. Leo imekataa!

Jumatatu, tarehe 10

Hakurudi mlangoni. Hata mara moja.

Mchana Muzee Nsanzimana alipita. Nilimlilia mpaka akakosa pa kuangalia. Kisha akatoa leso mfukoni. Ndani, tembo mwingine! Babu aliwagawia wanawe pia, kila mmoja wake. Akasema nimpe Twize, maana yeye ameshamshika wa kwake miaka ya kutosha. Akanisihi nimwache ndani ya leso kama alivyo. Muzee ana moyo wa dhahabu. Lakini ni mwanaume tu.

Nimefungua. Jicho lipo! Pembe zote mbili! Leo Twize atacheka, ataniita tena sheri, mpenzi wake, na kesho atarudi mlangoni mara tatu. Lakini zawadi ya upendo mkubwa hivi, na weusi huu? Nyuma ya sikio kuna hata kutu ya kijani. Aibu! Na safari hii sijifichi: tangu jana jiko ni langu, mchanga ni wangu. Sitarudia kosa la juzi. Kosa lilikuwa kitambaa. Nimemtuma Joyeuse ndimu na brashi.