Makofi Mpaka Mgeni Rasmi Akae

Wananchi wote wa Karatu walitangaziwa, kwa gari la matangazo lililozunguka kutoka stendi hadi sokoni, kwamba giza la ujinga wa kidijitali limefikia kikomo. Walimu watarajiwa wa chuo cha ualimu walikuwa wameshafuzu kuandika programu, na mgeni rasmi alikuwa anakuja kuwazindulia kompyuta.

Mwalimu Valeriani, Mratibu wa Fikra za Kikompyuta, hakuona tatizo kwamba walifuzu kwanza ndipo kompyuta ikaja. Kifaa humvuruga mwanafunzi; anabonyeza badala ya kufikiri. Mwaka mzima aliwafundisha kwa ubao na makofi: yeye anaandika amri, wao wanatekeleza. "Kompyuta haikisii wala haina aibu," aliwaambia. "Inafanya kilichoandikwa, basi." Aliyekisia aliosha vyoo.

Wala hakuona tatizo kwamba boksi la kuzinduliwa lilikuwa tupu. Kompyuta yenyewe ilikuwa nyumbani kwa mgeni rasmi, kwa sababu za kiusalama, na watoto wake waliitunza kwa kuangalia katuni. Boksi lilishazinduliwa Endabash na Buger bila malalamiko, na kesho yake lilitakiwa Mbulumbulu. Mwongozo ulikuwa mmoja tu: libebwe na wanaume wawili, na wagune kama limewalemea. Likizinduliwa salama hapa pia, Valeriani alikuwa ameahidiwa cheo Dodoma, na suti ya kuhamia nayo ilishashonwa. Ujinga wa kiwango hiki unahitaji elimu ya juu.

Basi akaandika ubaoni programu ya mapokezi: mgeni rasmi akisimama, pigeni makofi; endeleeni mpaka akae. Atakayeacha kabla ya hapo, hana cheti.

Mgeni rasmi alisimama ahutubie. Ukumbi ukalipuka makofi. Akatabasamu, akainua mkono yatulie. Hayakutulia, maana mkono haukuwamo kwenye programu. Akainua na wa pili. Mashavu yakaanza kumuuma kwa kutabasamu, na Valeriani akamnong'oneza kwamba angekaa kidogo tu, mambo yangekwisha.

"Nikae kabla sijahutubia?" mgeni rasmi alisema. "Nionekane nimekalishwa na watoto?"

Valeriani akawapigia kelele waache. Wakamtazama kwa heshima zote, wakaendelea. Maneno ya mdomoni, aliwafundisha mwenyewe, si amri. Akashika chaki, asijue aandike nini. Kwenye semina ya Arusha iliyompa uratibu, alihudhuria chakula cha mchana tu. Ikabidi amwite mwanafunzi wake Seenoi, binti wa wafugaji wa Ngorongoro, aandike sharti jipya la kuwasimamisha.

"Sharti gani, mwalimu?"

"Lolote. We andika, waache."

Seenoi akaandika. Valeriani, kama mkubwa yeyote mwenye majukumu mengi, alitoa idhini kwanza kisha ndipo akasoma: Pigeni makofi mpaka tujue kilichomo kwenye boksi.

Sasa mgeni rasmi alikaa. Makofi yakaendelea. Akasimama, yakaendelea. Akina mama wa sokoni walisogea madirishani kuuliza kuna nini, wakajibiwa, nao wakaanza kusaidia kupiga. Mheshimiwa akatupa hotuba mezani, akamwambia msaidizi wake, Benson, apakie boksi waondoke.

Mwenzake Benson wa kuguna naye alikuwa nje anawasha gari. Benson akalinyanyua boksi kwa kidole, akalibana kwapani, akaanza kuelekea mlangoni huku akipiga miayo.

Makofi yakakatika yote kwa pamoja, ndani na madirishani. Programu ilikuwa imefika mwisho bila kosa hata moja.

Ukumbi ukawa kimya, kimya kile kile ambacho mheshimiwa alikiomba kwa mikono miwili, na kipaza sauti kilikuwa kinawaka mbele yake. Seenoi akarudisha chaki mahali pake, akajipangusa vumbi.

"Haya, mheshimiwa," alisema. "Tunakusikiliza."