Gauni Lenye Pini Isiyoonekana

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza tiba. Kwa kulazimishwa! Mke wangu alinisindikiza mpaka mlangoni kwa mshauri, kama mbuzi anayepelekwa josho.

Mshauri ni rika la mwanangu. Aliniamkia kwa heshima, akanivutia kiti, kisha akaniambia naumwa. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, tena makini. Akauliza kama umakini huo unanipa raha. Swali gani hilo!

Nikamweleza. Kila nguo ninayoshona, naamini nimesahau pini ndani. Naiona kichwani inamchoma mteja, inazama, inasafiri mpaka moyoni, mteja anaanguka, watoto wake wanalia. Kwa hiyo nafumua bitana nihakikishe. Hamna pini. Nashona tena. Na je, kama nimeisahau wakati wa kushona tena? Nafumua.

Akasema hayo ni maradhi, yana jina refu, na yanatibika. Wazo linaingia bila hodi, wasiwasi unapanda, wewe unakagua, wasiwasi unapoa kidogo, halafu wazo linarudi na njaa zaidi kwa sababu umelilisha. Tiba ni kuacha kulilisha. Toa nguo bila kukagua, kaa na wasiwasi wako, usifanye lolote, utashuka wenyewe. Nianze na kitu kidogo, foronya. Foronya! Mtu analaza shingo pale!

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hakuna mhenga aliyesema usikague.

Tatizo ni gauni la harusi la binti yangu. Nilishalimaliza zamani, nimelifumua, nimelimaliza tena. Harusi ni Jumamosi. Amesema asipolipata Alhamisi jioni atatafuta jingine. Tangu ana meno ya utoto alikuwa akitangaza kwamba gauni lake la harusi nitalishona mimi. Nitampa. Lazima nimpe. Nikishahakikisha tu.

Jumanne, 4 Machi

Akili ni mali! Mshauri amekataza kutazama, kupapasa na kufumua. Sumaku hakuitaja. Nimefungua redio ya jikoni, nikatoa sumaku ya spika, nikaipitisha juu ya gauni lote, kifua, mgongo, mikono. Nilifumba macho ili isihesabike kuwa nimekagua. Sumaku ilinasa mkasi. Ilinasa funguo za duka. Kwenye gauni haikunasa kitu. Nikajipigia vigelegele peke yangu.

Furaha haikufika hata kwenye chai. Je, kama sumaku ni dhaifu? Kama pini ni ya shaba? Nikarudia. Nikarudia tena. Mke wangu akaja kuuliza kwa nini redio imenyamaza, na kwa nini namsugulia mtoto gauni lake kwa matumbo ya redio. Nikasema ni sehemu ya tiba. Aliokota vipande vya redio akavitia kwenye sufuria, akaondoka navyo. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 5 Machi

Ng'ambo ya barabara yupo fundi mwenzangu, Chapuchapu. Jina alipewa na wateja na analivaa kama medali. Haraka haraka haina baraka, lakini duka lake limejaa watu na langu limejaa nzi. Mwalimu mmoja alikuja kufuata sketi yake kwangu mpaka akachoka. Sasa anashonesha kwake.

Leo nimemtumia, bila yeye kujua. Nikampelekea gauni, nikamdanganya kwamba pasi yangu imeungua, anisaidie kulinyoosha. Hesabu yangu ni hii: pasi ikikutana na pini, itakwaruza. Atalalamika. Nitajua. Na mimi sitakuwa nimekagua!

Akanyoosha huku akinitania, eti kumbe leo mwenye duka la kufumulia nguo kaja kwa washonaji. Nikameza. Nikamuuliza kama ameona chochote. Akasema hajaona. Nikauliza tena. Akasema mzee mwenzangu, hili ni gauni, si kisima. Nikauliza tena.

Ndipo nikamtazama mdomo. Huyu bwana hufanya kazi akiwa amebana pini kwenye meno! Zilichezacheza pale alipokuwa akinicheka. Kama moja imedondoka? Nimepeleka gauni lisilo na pini, nikatiliwa pini!

Nilipokurupuka kulichukua, alikuwa ameshalitundika dirishani lipoe. Mama mmoja alikuwa amesimama nje, anamsifu kwa kazi nzuri. Chapuchapu akashukuru. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nililibeba kwa ncha za vidole kama mzoga.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nilimsimulia mshauri, nikificha redio. Akaitaja mwenyewe, mke wangu alishampigia simu. Akasema kwa upole kwamba sumaku ni kukagua, na kumuuliza Chapuchapu ni kukagua, nimebadilisha mkono tu. Nikamwomba basi yeye aniambie kwamba hamna pini, neno moja tu. Akasema hawezi kuniambia hivyo, na kwamba hiyo ndiyo tiba yenyewe: kuishi bila kujua. Nilimchukia. Halafu nikaona macho yake yamelegea kwa huruma, nikajichukia mimi.

Jioni binti alikuja. Nikampa gauni. Nimempa! Sikulikunjua. Akanikumbatia, akasema ahsante baba, akatoka. Mke wangu alishika mlango akilia kimyakimya.

Nikakaa kwenye kiti. Mikono nimeikalia. Nikamwona mwanangu ameanguka katikati ya watu, amevaa nyeupe. Mshauri aliniahidi wasiwasi utapanda halafu utashuka. Ulipanda. Nadhani hata ulianza kushuka kidogo, nasema kweli, niliona kama kauwazi kadogo. Lakini mbona mtu akae ametulia wakati mwanawe anakufa?

Nikatoka mbio. Nilimkuta karibu na duka la dawa. Nikamwambia nipe, dakika moja tu, mwanangu. Akakataa. Nikavuta. Barabarani, mbele za watu, nilimnyang'anya mwanangu gauni lake la harusi.

Nimefumua bitana yote. Hamna pini. Ila kitambaa kimechoka. Kimetobolewa mno na sindano, kila nikipitisha uzi kinachanika kama karatasi iliyolowa. Hakishoneki tena. Nimejaribu kila mahali.

Ijumaa, 7 Machi

Binti kaja. Nilitamani agombe. Alipapasa matambara yale mezani, akasema yeye hakuwahi kutaka gauni lisilo na pini. Alitaka gauni la baba yake. Angechomwa, angechomwa.

Nikamuuliza sasa atavaa nini. Akatazama chini. Akasema Chapuchapu alikuwa na moja tayari.

Jumamosi, 8 Machi

Harusi. Alipendeza. Mishono ya Chapuchapu imekaa kombo begani, lakini alipendeza.

Zamu ya wazazi kumpongeza ilipofika alinikumbatia. Nilikuwa nimeapa sitakagua. Lakini vidole vyangu vikashuka vyenyewe kwenye mshono wa mgongo, polepole, vikibonyeza. Nikamsikia mwanangu anakakamaa. Akashika mkono wangu, akautoa mgongoni kwake, akauweka mkononi mwa mama yake. Akasema taratibu, "Leo hapana, baba."

Nililia. Mashangazi wakasema tazama baba anavyompenda mwanawe. Nampenda. Ndiyo balaa yenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Kwa mshauri. Nilidhani atanifukuza. Akasema kuanguka si kushindwa, tiba hii haiendi kwa mstari, wengi huanguka na hupona. Alhamisi nilikaa na wasiwasi kwa muda, kabla sijatoka mbio, na muda huo ni wangu, haupotei. Daktari ataniandikia pia vidonge vya kusaidia. Tuanze upya na foronya. Nikakubali. Nikamshika mkono, nikamwambia sasa nimeelewa kila kitu.

Na nimeelewa kweli! Njiani nilifikiria. Fundi mwenye pini mdomoni kashona gauni, na mwanangu hakuchomwa. Kwa nini? Kwa sababu nilishakagua mgongo mpaka kiunoni kabla hajanitoa mkono. Kukagua kunaokoa watu! Kilichobaki ni kiunoni kwenda chini, na mikono, na bitana yote.

Jumapili maharusi wanakuja kututembelea. Nitamwambia binti aje na gauni, nimnyooshee begani pale palipokaa kombo, zawadi ya baba. Nitalifumua mara moja tu. Nikishajua kwamba hamna kitu, nitaianza ile foronya kwa moyo uliotulia.