Bhajia za Namba Ishirini na Saba

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika mchana kweupe, ndani ya mwezi mtukufu, na bhajia mdomoni.

Ndugu zangu wa orodha ya barua pepe ya Marashi, kabla hamjaanza kuniandikia "vipi tena?", tulieni niwaeleze yote tangu mwanzo. Niko zamu yangu ya mapokezi hapa hotelini Diani. Wageni wamekwenda kula, meneja hayupo, na modemu imekubali kuunganika mara ya tatu. Naandika mbiombio, kwa hiyo makosa ya kuandika mtayasamehe.

Kwa waliojiunga juzi: mimi ndiye mwenye ile tovuti ya majarida ya kale, yenye rangi ya kijani na maandishi ya kumetameta (najua, mmeshaniambia, nitayaondoa). Nakusanya matoleo yote ya jarida la Marashi, lililokuwa likichapishwa Mombasa enzi za ujana wa wazazi wetu. Napiga skani jalada, naandika ndani mna nini, naweka mtandaoni. Matoleo ni arobaini. Ninayo thelathini na tisa. Penye namba 27 pana kisanduku cha kijivu kilichoandikwa HAIJAPATIKANA, na kisanduku hicho kimeninyima raha miaka miwili.

Mnajua kwa nini. Ile hadithi ya picha za kamera, watu halisi wakiigiza, ya Sudi wa Miwani! Sudi anaendesha pikipiki, anapigana na majambazi, anapendwa na kila binti, na hajavua miwani yake myeusi hata siku aliyoanguka baharini. Halafu namba 26 inaishia hivi: "Toleo lijalo, Sudi atavua miwani!" Basi. Baada ya hapo ni kijivu. Nusu ya barua za orodha hii ni ugomvi juu ya kijana aliyeigiza Sudi alikuwa nani. Mwenzetu wa Muscat anaapa kuwa ni mjomba wake.

Jambo la pili, ambalo ndilo lililonitia homa: nimeposa. Barua ilipelekwa na ami yangu mwezi wa Shaabani kwa mzee mmoja wa hapa Ukunda, ambaye nitamwita Mzee Bakari (silo jina lake, nataka kuishi). Mzee Bakari ndiye anayetuswalisha tarawehe. Hacheki. Binti yake Mwanakombo (naye silo jina lake) nampenda mpaka nasahau nenosiri. Jibu tuliahidiwa baada ya Idi, na Mzee alimwambia ami neno moja tu: "Kijana wenu nitamwangalia Ramadhani hii."

Nimeangaliwa siku ishirini na mbili. Kila nikikohoa nageuka nyuma. Nimekonda kwa hofu kuliko kwa saumu.

Sasa leo. Saa kumi na moja jioni mama akanituma bhajia kwa Bi Mwanasiti, yule anayekaanga karibu na msikiti. Nikafika, nikakuta karai linachemka na watu wawili mbele yangu.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Saumu yaendaje?"

"Alhamdulillahi."

Akachana karatasi, akaizungusha, akatia bhajia za mtu wa kwanza. Akachana nyingine kwa mtu wa pili. Nami nikaitazama ile karatasi. Nikaona pembe ya picha. Gurudumu la pikipiki. Chini yake, kwa herufi ambazo naweza kuzitambua nikiwa nimelala: Marashi, Na. 27.

Jarida ninalolitafuta miaka miwili linachanwa mbele ya macho yangu, ukurasa kwa ukurasa, na kutiwa mafuta!

"Bi Mwanasiti," nikasema, "hizo karatasi umezipata wapi?"

"Hizi? Nimeuziwa boksi zima na watoto wa yule mpiga picha wa Msambweni aliyefunga duka. Nzuri, hazivuji."

"Niuzie hilo lililo juu. Lote, kama lilivyo."

Akaniangalia kana kwamba nimemwomba karai. "Ati nikuuzie karatasi? Halafu hawa niwafungie bhajia kwa viganja vyangu? Ng'o! Mbona leo wanaume mna mambo? Wewe wa pili. Kuna mwenzio kaja mara tatu tangu alasiri, naye alitaka karatasi. Nikamwambia kama nnavyokwambia wewe: wataka karatasi, nunua bhajia."

Nikamsogelea. "Nani huyo?"

"Mtu mzima. Kaniomba nisimtaje, nami sitamtaja. Jalada la juu kaondoka nalo yeye."

Nikajua papo hapo. Ni yule bwana wa Kombani! Wale wa zamani mnamkumbuka: aliyefungua tovuti yake mwaka jana, akanakili majalada yangu, akaniandikia kwamba namba 27 ataipata yeye kwanza. Yuko Ukunda! Yuko hapa hapa, labda nyuma ya mti ananitazama. Nikageuka. Palikuwa na mbuzi tu.

"Bi Mwanasiti, nipe zote zilizobaki za hilo jarida. Nne nne. Kila nne kwa karatasi yake."

"Kwenu mna hitima?"

"Mama ndivyo apendavyo," nikasema. (Uongo, na ndani ya Ramadhani. Mwenyezi Mungu anisamehe.)

Nikaondoka na vifurushi sita kifuani. Mafuta yanapenya. Nayasikia yakipenya! Mwenye kukusanya makaratasi ya kale ananielewa: kila hatua wino unakufa. Nyumbani ni mwendo wa robo saa. Nikaona siwezi kungoja. Nikaingia nyuma ya ukuta wa stoo ya saruji, mahali ambapo hapapiti mtu, nikachutama.

Najua. Kijana mwenye posa mkononi, amejificha nyuma ya ukuta, saa moja na ushei kabla ya magharibi, na bhajia ishirini na nne. Sasa naliona. Wakati ule nilikuwa naona karatasi tu.

Nikatandaza leso, nikamimina bhajia. Karatasi ya kwanza, salama. Ya pili, ya tatu, salama. Nazifuta kwa kanzu (ndiyo, kanzu nyeupe). Ya nne nilipoifungua nikaacha kupumua. Ilikuwa picha kubwa, ukurasa mzima. Kijana amepiga goti, mkono mmoja ameshika ua, mkono wa pili ameshika miwani.

Ameivua! Na juu ya uso wake, kuanzia paji mpaka kidevu, imeganda bhajia.

Nikiivuta kwa vidole, uso utabanduka nayo. Nilishapoteza jalada la namba 9 kwa pupa kama hiyo. Ilitakiwa karatasi ivutwe huku na huku kwa mikono miwili, ikae wima, kisha bhajia inyanyuliwe taratibu. Mikono ninayo miwili tu. Basi nikainama, nikaikamata bhajia kwa meno.

Kwa meno tu! Sikutafuna. Ulimi niliurudisha nyuma kabisa. Nikaanza kuinua, kidogo kidogo, nikawa nasikia ukoko ukiachia.

Ndipo nikasikia viatu kwenye changarawe. Polepole, vya mtu anayenyata.

Bwana wa Kombani, nikasema moyoni. Amenifuata. Nikazisukuma zile karatasi tatu za mwanzo ndani ya kanzu kwa kiwiko, nikageuka kumkabili, bhajia nzima ikining'inia mdomoni.

Alikuwa Mzee Bakari.

Amesimama kwenye kona ya ukuta. Kofia nyeupe, tasbihi, vifurushi viwili vya bhajia mkononi. Ananitazama. Nami namtazama. Mafuta yakanidondoka kidevuni.

Kisha akasema, "Asalaam aleikum."

Wallahi, huo ulikuwa mtihani. Salamu ni suna kuitoa, lakini kuijibu ni wajibu. Nisipomjibu imamu, nimemkosea adabu na nimepata dhambi. Nikimjibu, mdomo unatembea. Nikitema, natema riziki mbele yake. Nikawaza yote hayo kwa mara moja, na hofu ikanichagulia mbaya kuliko yote.

"Waheikum shahaam," nikasema.

Bhajia ikakatika. Nusu ikaanguka chini. Nusu ikabaki ndani.

Nikaitema kwenye kiganja haraka haraka, lakini wakati huohuo madrasa ilikuwa imetoka na watoto walikuwa wamefika kwenye ile kona. Walichokiona ni mtu mzima nyuma ya ukuta, midomo inang'aa mafuta, leso imejaa bhajia.

"Kobe! Kobe! Kobe!"

(Kwa wenzetu wa mbali: kobe ni yule anayekula kwa kujificha Ramadhani. Ukishaitwa kobe ukiwa na miaka minane, utaitwa mpaka uoe. Mimi nina ishirini na saba.)

Mzee Bakari hakuwakataza. Aliangalia vifurushi vyake, akaangalia kanzu yangu iliyotuna kwa karatasi, akageuka, akaenda zake. Afadhali angenipiga.

Nikazoa karatasi zote sita bila kuzitazama; sijui nilifikaje nyumbani. Habari ilifika kabla yangu. Mama amekaa kwenye kizingiti, mkono shavuni.

"Mwanangu, hata saa moja hukuweza kusubiri?"

"Mama, sikula! Nilikuwa namtoa mtu bhajia usoni!"

Akaanza kunisomea dua kichwani. Hajamaliza, mjumbe akaja kutoka kwa Mzee Bakari: nije nifuturu kwake. Nije peke yangu. Nije na kila nilichokuwa nacho pale ukutani.

Ushahidi! Nilijua ni hukumu. Nitawekewa bhajia zangu mbele ya wazee, barua ya posa irudishwe juu yake. Njiani nilikuwa nasema peke yangu, "Mwanakombo nisamehe," na jirani mmoja akavuka barabara kunikwepa.

Nikakuta Mzee yuko peke yake barazani. Mkeka, tende, uji, muhogo wa nazi. Hakuna wazee wengine. Hilo likanitisha zaidi, maana hapakuwa na shahidi. Adhana ikalia, tukafungua kwa tende, tukaswali. Kisha akachukua sahani ya bhajia akaisogeza mbele yangu.

"Kula. Sasa ni halali."

Nikala moja. Nikaisukuma kwa uji.

"Mzee, naapa sikuwa nakula. Niliishika kwa meno tu. Na siku ya leo nitailipa baada ya Idi, kwa tahadhari..."

"Karatasi ziko wapi?"

"Naam?"

"Karatasi, kijana. Zitoe."

Nikazitoa kifuani, zimejikunja, zinanuka pilipili. Akazichukua moja moja. Alipofika ya nne akasimama, akafumba macho.

Nami nikaona, kwa mara ya kwanza, uso wa Sudi bila bhajia. Nywele zimetunishwa juu. Suruali imembana. Amepiga goti mbele ya bibi mwenye gauni lililoishia juu ya magoti. Na macho! Macho yale nayajua. Ndiyo yaliyonifanya nimtume ami na barua.

Nikatazama picha. Nikamtazama Mzee Bakari. Nikatazama picha.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema kwa sauti ya chini. "Wenye jarida walisema miwani haivuliwi. Niliahidiwa! Kisha wakanilazimisha. Kila nilipoikuta hii niliichoma. Leo nimekula... nimenunua bhajia tangu alasiri mpaka nimechoka kuzigawa, na pale ukutani nilikuja kukagua karatasi."

Pazia likafunguka, mkewe akatoka na sinia la tambi. Sijapata kuona mzee akienda kasi namna ile. Karatasi zote zilikuwa chini ya paja lake kabla sinia halijatua.

"Mnazungumza nini hata mmetulia hivyo?"

"Mambo ya dini," akasema Mzee Bakari.

"Ya saumu," nikasema mimi.

Akatuangalia sote wawili, akarudi ndani. Tukapumua. Mzee akajifuta jasho kwa kofia, kisha akanisogelea.

"Ami yako alinambia una kitu kwenye kompyuta. Watu wa dunia nzima wanaona majarida ya kale."

"Ndiyo, Mzee."

"Basi niambie. Hiyo namba ishirini na saba, ilichapishwa?"

Nikaikumbuka miaka miwili. Kisanduku cha kijivu. Nyinyi nyote, na maswali yenu ya kila Jumatatu. Nilitaka kulia, kweli. Na pale ndani, nyuma ya pazia, nikasikia bangili za Mwanakombo zikigongana.

"Haikuchapishwa, baba."

"Mwambie ami yako aje Ijumaa," akasema, akanisogezea tambi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Barua hii mkishaisoma ifuteni, maana Mzee hajui kompyuta lakini nimeanza kuogopa kwamba atajifunza. Kesho kisanduku kitabadilika maandishi: HAIKUCHAPISHWA. Mwenzetu wa Muscat, endelea kuamini kuwa ni mjomba wako, tafadhali, hata ukibishiwa.

Harusini mnakaribishwa nyote. Ila nawaomba kitu kimoja, kwa heshima ya urafiki wetu: mkimwona baba mkwe, mtu asimwombe saini.