Joto Linanitoa Vipele

Jumatatu, 3 Machi
Vipele tena. Nikisimama mbele ya tanuri la mikate tu, kifua chote chekundu, kinawasha kama moto. Nikipoa, vinapotea. Zamani marehemu mke wangu alinipepea kwa mfuniko wa sufuria. Sasa nani? Msimamizi kasema nilete cheti cha daktari, anihamishie chumba cha kufungia mikate. Kuna kiti chini ya feni huko! Mwenzangu tunayemwita Mdomo anakitaka kiti hichohicho. Ananiambia eti siogi. Mshenzi.

Jumatano, 5 Machi
Daktari ni binti mdogo, ananiita baba. Kasema ni mzio wa joto, mwili ukichemka ngozi inavimba. Ijumaa nirudi, nipande ngazi zao mbio avione vipele mwenyewe. Nisimeze dawa yoyote ya kuzuia muwasho kabla. Nimeelewa. Mimi si mtoto.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi nimewashwa. Nijikune mbele ya daktari kama mbwa? Nimemeza vidonge vya shemeji vya kuzuia muwasho. Nikapanda ngazi mpaka soksi zikalowa. Hakuna kitu! Ngozi laini kama ya kichanga. Daktari kauliza nimemeza nini. Nikasema chai. Kaniangalia weee. Nirudi Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi
Leo sikutaka kubahatisha. Sijameza kitu, ila nimejipaka upupu kifuani, chooni kwao hukohuko. Upupu unawasha hata jiwe. Halafu nikajifuta jasho machoni kwa mikono hiyohiyo. Mama yangu! Ngazi nimepanda kipofu. Na vipele vyangu vya kweli navyo vikatoka, vyote! Daktari kasema hivi vidogo ni vyangu, haya mabaka mengine nimeyatoa wapi? Nikasema Mungu anajua. Muuguzi kanitazama mikono, kaona manyoya ya upupu, kacheka mpaka kakaa chini. Daktari kauliza, baba, ugonjwa unao, unauigiza wa nini? Kanipa vidonge vya kila jioni. Cheti hapana, mpaka ngozi itulie aone upya.

Alhamisi, 13 Machi
Vidonge kiboko. Siwashwi kabisa. Msimamizi kaniona sijikuni, kasema hongera, nimepona, rudi tanurini. Kiti cha feni kapewa Mdomo, kaleta cheti cha mgongo. Mgongo! Jana kabeba gunia la unga huku anaimba. Kanipungia mkono chini ya feni, eti pole kaka.
Sawa. Kesho naanza kuchechemea. Mguu wa kushoto. Au wa kulia, nitaamua njiani.