Kijiko cha Kibogoyo

Jumatatu, 3 Machi
Mwanangu katimiza miezi sita. Hana jino hata moja, ndiyo maana tunamwita Kibogoyo. Nesi kasema aanze kula: kitu kipya kimoja kimoja, kidogo, tungoje siku chache tuone kama kinamdhuru. Mke wangu kaitikia. Mama mkwe, anayekaa nasi, kaitikia. Mimi nilikuwa natazama pazia likipumua dirishani, nikimwona Kibogoyo mtu mzima, mrefu kama mlango, akiwaambia watu nani alimwonjesha kitu kitamu kwanza.

Jumatano, 5 Machi
Uji mtupu, siku zote mkononi mwa mama mkwe. Anasema mtoto kamzoea. Mkono wake una nini? Nimeamua: yai.

Alhamisi, 6 Machi
Mke kazini. Mama mkwe anaanua nguo. Nikaponda yai la kuchemsha, kijiko kimoja. Kibogoyo akanikodolea macho kana kwamba anakumbuka mambo ya kabla hajazaliwa. Nikaelea. Mama mkwe akaja kumpokea, akaniambia nikajinyooshe. Nikaenda, bado naelea.

Kilio kikaniamsha. Vipele mashavuni. Mdomo umevimba kama wa mpiga tarumbeta. Ndoto zote zikanitoka. Tukakimbilia kliniki, mama mkwe na ndala mguu mmoja.

Nesi akampa dawa, akauliza kala nini. Nikasema uji. Mama mkwe akasema uji. Nesi akatungoja, mkono mgongoni mwa mtoto.

“Na yai,” nikasema.

“Na siagi ya karanga,” akasema mama mkwe, macho darini. “Kidogo tu, baba.”

Nesi akasema sasa hajui amshuku nani: yai, karanga, au sisi.

Ijumaa, 7 Machi
Uvimbe umeshuka. Mke wangu haongei na mtu ila Kibogoyo. Yai na karanga marufuku mpaka daktari ampime.

Jumapili, 9 Machi
Kibogoyo mzima, anavichekea vidole vyake. Nimemwomba mke wangu radhi. Mama mkwe pia kamwomba. Jioni tukakaa barazani, mimi na mama mkwe, upepo mwanana, tumepatana kabisa. Akaninong'oneza kwamba nesi hakutaja samaki. Nikamwambia hata maziwa ya ng'ombe hakuyataja. Kesho mke wangu anaondoka mapema. Tumegawana kazi: yeye samaki, mimi maziwa.