Kachumba ka Swichi

Jumatatu, 10 Juni 2013

Leo nimeuseti mtandao wa ofisi nzima ya Bwana Abdulrahim kwa mikono yangu miwili. Haya, aliyeseti ni Felista, fundi kutoka Mbeya. Mimi nilikoroga chai. Lakini fundi mwenye njaa haseti kitu.

Swichi ni lile boksi lenye taa za kijani linalounganisha kompyuta zetu za kutolea mizigo forodhani. Linakaa kwenye kachumba kake, linatoa joto. Na baridi hii ya Juni Tunduma! Ufunguo ninao mimi, mfagiaji na mpika chai. Zabron, mlinzi wa geti, anakamezea mate kachumba kangu. Aendelee kutetemeka.

Felista kasema setingi mpya hajazisevu. Anazijaribu mpaka kesho. Zikileta matata, anazima tu swichi, za zamani zinarudi zenyewe. Nimeelewa. Kuzima ni dawa.

Jumanne, 11 Juni

Marta karani kalalamika kompyuta yake nzito. Daktari nipo! Nikazima swichi, nikawasha. Setingi mpya zote zikafutika, za zamani zikarudi, na kompyuta zilizokwisha kupangwa kwa zile mpya zikapotea njia. Nyaraka za malori hazikwenda forodhani. Madereva wakajaa dirishani, mmoja akitukana kwa Kibemba. Nilijifanya sikijui.

Felista akaja mbio, akazirudisha kutoka kwenye nakala aliyoweka kwenye kompyuta yake. Safari hii akazisevu. Akaniambia, "Babu, hii si redio ya kupiga makofi." Nikamjibu redio yangu haijawahi kunigomea.

Bwana Abdulrahim kaapa: nikigusa tena, nakwenda getini na Zabron anachukua ufunguo. Zabron alisikia. Alicheka kwa meno yote aliyobakiwa nayo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimetafakari. Kosa halikuwa kugusa. Kosa ni kugusa bila faili.

Felista kamwachia Marta flashi yenye nakala za setingi: moja ya swichi yetu, nyingine ya tawi letu la Mlowo. Mlowo hawalalamiki hata siku moja. Kwa nini na sisi tusipate utulivu huo? Nikamwambia Marta kwamba fundi kapiga simu, kaagiza tupandishe faili la Mlowo. Akauliza kama nina uhakika. Nikamuuliza kama mvi zangu ni za kupaka. Akabonyeza. Nikajinyoosha kachumbani, joto tamu, nikisubiri pongezi.

Kumbe swichi imeshaamini iko Mlowo! Kila waya anwani yake, na anwani zote za kule. Hakuna kompyuta iliyomwona mwenzake. Felista karudi kutoka Mbeya na vumbi mpaka kwenye kope, akapandisha faili letu. Halafu akanieleza, taratibu kama anamfundisha mbuzi, kwamba Mlowo hawalalamiki kwa sababu wana kompyuta moja, na mwenyewe yuko likizo.

Akauliza ni nani aliyetoa agizo. Marta alininyooshea kidole. Marta, ninayemwekea sukari ya ziada!

Bwana Abdulrahim hakufoka. Alinyoosha kiganja tu. "Ufunguo, mzee wangu."

Jumamosi, 15 Juni

Niko getini. Upepo unatoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, bila kupita forodha. Zabron yumo kachumbani. Amevua koti. Amevua koti!

Nimeyakagua makosa yangu yote, moja moja. Yote ni ya Marta.

Sasa setingi zimeseviwa, hata umeme ukatike hazipotei. Hilo nalijua, mimi ni msomi wa swichi. Kwa hiyo ikizimika leo, watahangaika. Nitaingia, nitaiwasha, na Bwana Abdulrahim ataona ufunguo unamfaa nani.

Zabron hawezi kunikatalia. Pasaka nilimlindia geti alipovuka kwenda kwenye harusi ya shemeji yake Nakonde. Bwana Abdulrahim kila akimuulizia, nilimjibu yuko chooni. Kutwa nzima! Sidai kikubwa, nitamwambia hivi: Ndugu yangu Zabron, vuta waya mmoja tu, ule mnene wa umeme, kisha toka uniite kwa jina, kwa sauti, bosi asikie.